Sala Kabla ya Kipimo

Watu wazima saba walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yamekwama chini ya mbao, kila mmoja ameshika kifundo cha mkono wake na kukodoa macho kama anayesikiliza mlango wa jirani. Nje, jua la saa kumi na moja lilikuwa bado juu ya mashamba ya chai, na mvua ya Tukuyu, kwa siku hiyo moja, ilikuwa imesahau kunyesha.

“Hesabuni dakika nzima,” alisema Mwalimu Gwamaka. Alikuwa mdogo kuliko wanafunzi wake wote wa jioni, na kwa sababu hiyo alijitahidi kuwa mkali. “Msikisie. Moyo si mnada.”

Tusajigwe Mwambene, mwanamke wa miaka arobaini na saba aliyeacha shule akiwa darasa la sita, alihesabu huku midomo ikimtikisika. Sabini na nane. Akaandika.

“Vizuri. Sasa tunarudia, na safari hii naandika ubaoni, kila mtu na jina lake. Chukulieni kwamba ni mtihani.”

Tangu aanze masomo ya jioni, mwaka mmoja na nusu uliopita, Tusajigwe hakuwahi kushika karatasi ya mtihani bila kuomba kwanza. Basi akainamisha kichwa, akafumba macho, akasema moyoni maneno aliyoyazoea: Baba, huyu ni wako. Tuliza moyo wake. Alivuta pumzi, akaishusha polepole, akavuta nyingine. Kisha akahesabu.

Sitini na moja.

“Haiwezekani,” alisema mwalimu. Alimwendea, akamshika mkono mwenyewe, akatazama saa yake. “Sitini na mbili. Mama Tusa, umefanyaje?”

“Sijafanya kitu, mwalimu. Nimeomba tu kidogo.”

Asajile, fundi wa paa za umeme wa jua, alipiga meza. “Amemwambia Mungu apunguze spidi! Na mimi niombee, mama, yangu imegonga tisini, nadhani kuna tuta nimeliruka.”

Walicheka wote, hata Tusajigwe. Mwalimu hakucheka. Alirudi ubaoni na chaki yake, uso umemchangamka.

“Msicheke. Huu ndio mfano niliokuwa nautafuta. Pumzi ikienda taratibu, moyo huifuata. Ndiyo maana daktari akitaka kuujua moyo wa mtu, lazima ampime alivyo. Ukimtuliza kwanza, umepima utulivu. Mtu mwenyewe hujampima.”

Tusajigwe alikuwa bado anatabasamu maneno hayo yalipomfikia. Tabasamu likabaki mdomoni bila kazi. Alitazama mkono wake wa kuume uliokuwa juu ya dawati, kiganja kikiangalia chini, na kwa muda hakuutambua kuwa wake.

*

Kwa miaka sita mkono ule ulikuwa umekaa kwenye mabega ya wasichana.

Tusajigwe alikuwa skauti, mtafuta vipaji wa Mzani, mfumo wa kupima wasichana wa soka, katika wilaya ya Rungwe. Zamani, skauti wa soka la wanawake alikaa kwenye majani na daftari, akaandika nani ana chenga na nani ana pumzi, kisha akabishana na makocha hadi sauti ikamkauka. Siku hizi alifunga mkanda. Mkanda mwembamba wa kijivu ulizunguka kifua cha msichana, na kishikwambi mkononi mwa skauti kiliusikiliza. Kipimo kilikuwa na hatua tatu. Kwanza Kutulia: sekunde tisini kwenye kiti, ili mkanda uujue moyo ukiwa umepumzika. Pili Kukimbia, huku kamera ndogo ya angani, waliyoiita nyuki, ikihesabu kila hatua. Tatu Kurudi: moyo unavyoshuka baada ya mbio. Mwishoni kishikwambi kilitoa namba moja, namba ya kesho, iliyosema msichana huyu atakuwa mchezaji wa aina gani akifika miaka ishirini na mitatu, na mwili wake unaweza kubebeshwa mazoezi mazito kiasi gani ili afike huko.

Kila hesabu ilisimama juu ya Kutulia. Mzani uliamini kwamba moyo unaopiga polepole ukiwa umekaa ni injini kubwa.

Aliyepata sabini au zaidi alichukuliwa Kituoni, shule ya soka ya Dodoma, na kutoka huko klabu za ligi zilimgombea. Aliyepata chini ya sabini, jina lake lilifungwa kwa klabu zote. Si kwa ubaya, walisema wenye Mzani, bali kumwepusha na ndoto isiyo yake. Na kipimo kilikuwa kimoja tu maishani, kabla msichana hajatimiza miaka kumi na sita.

Wasichana kumi na wanne wa Tusajigwe walikuwa wamevuka sabini. Hakuna wilaya nyingine ya nyanda za juu iliyofika hata nusu. Watu walisema ni ule mkono. Kinamama waliwaleta mabinti kutoka Busokelo, kutoka Kyela, hata kutoka ng’ambo ya Mlima Rungwe, na kabla binti hajakaa kwenye kiti cha kipimo walimwambia, “Mama skauti, usisahau kumwombea.” Naye hakusahau. Aliweka kiganja begani, akasema, Baba, huyu ni wako kabla hajawa wa timu yoyote, tuliza moyo wake. Kisha, kiganja kikiwa bado palepale, alibonyeza kitufe cha Kutulia.

Alikuwa ameomba moyo utulie, na moyo ulitulia. Hakuwahi kufikiri kwamba kujibiwa kungeweza kuwa kosa.

Wenzake walipoondoka darasani Alhamisi ile ya kuhesabu mapigo, alibaki. Alifungua kishikwambi, akatafuta mwongozo wa Mzani. Kurasa mia tatu na arobaini. Kila Januari kwa miaka sita, kishikwambi kilimwuliza kama ameusoma, naye alibonyeza sanduku lenye maneno Nimesoma na nimeelewa, kwa sababu bila kubonyeza hakuna leseni, na kwa sababu miaka ile kusoma ukurasa mmoja kulimchukua nusu siku na kumwachia kichwa kinachouma. Alitegemea karatasi ya picha aliyopewa kwenye semina ya siku mbili: mkanda, kiti, mbio. Karatasi haikuwa na picha ya mkono.

Sasa alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mwanga wa dirishani ukipungua. Ukurasa wa thelathini na moja ulimjibu. Katika dakika tatu kabla ya Kutulia, na wakati wote wa Kutulia, mpimwa asiguswe, asiimbiwe, wala asiambiwe maneno ya kumtuliza au ya kumtisha.

Alisoma tena. Akasoma mara ya tatu, akitumaini kwamba bado hajui kusoma.

*

Ijumaa asubuhi alimpigia Subilaga.

Subilaga alikuwa msichana wake wa kwanza kuvuka themanini: themanini na moja, winga wa kulia, binti wa mpishi wa shule. Uso wake ulijaa kwenye kioo cha simu, ukiwa mweupe kwa taa za Kituoni, na nyuma yake yalionekana magongo mawili yameegemea ukutani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Magongo ya nani hayo?”

“Ya Lusekelo. Mfupa wa muundi umeingia ufa, wiki mbili sasa. Kabla yake alikuwa Tumwitike, mwezi wa pili. Sisi wa Rungwe hapa wametupa jina, mama. Wanatuita Mabua.” Alijaribu kucheka. “Tunakua haraka, tunavunjika haraka.”

Tusajigwe alikaa kwenye kigoda cha jikoni. “Na wewe?”

Subilaga aliangalia pembeni, kama msichana anayehakikisha mlango umefungwa. “Muundi unauma. Wa kushoto. Usiku hauumi, ukianza mazoezi ndiyo unauma. Nimemwambia mtaalamu, akasoma Mzani, akasema mwili wa themanini na moja hauchoki hapo. Mzani unasema ninajibania, sitoi nguvu zote. Basi kila wiki wananiongezea mzigo, ili niache kujibania.”

“Unajibania?”

“Mama!” Macho yalimjaa ghafla. “Nakimbia mpaka natapika. Mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza kama nina uvivu ambao siujui. Niombee tu. Ile sala yako ilinifikisha hapa.”

Tusajigwe alisema atamwombea. Alipokata simu, chai ilikuwa imechemka na kumwagikia moto, na alikuwa hajaisikia.

Kisha akampigia Shedrack Ndunguru, mratibu wa kanda, aliyekaa Mbeya mjini katika ofisi yenye vikombe vya timu ambazo wachezaji wake hakuwahi kuwaona wakicheza. Alimweleza yote: darasa, sabini na nane, sitini na moja, ukurasa wa thelathini na moja. Shedrack alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

“Dada Tusa,” alisema, “umemwambia nani mwingine?”

“Wewe tu.”

“Ibaki hivyo hivyo. Nisikilize. Wasichana wa mjini wanapimwa wapi? Ukumbini. Kuna zulia, kuna kiyoyozi, kuna mziki wa maji yanayotiririka, mzazi amekaa pale anatabasamu. Wa kwako wanapimwa uwanja wa matope, wametembea kilomita nane, wanaogopa kishikwambi kama nyoka. Nani alishawahi kusema wale wa mjini wametulizwa? Wewe umewapa wa kwako sala. Mimi naona ngoma droo.”

Tusajigwe hakuwa amelifikiria hilo, na lilimgusa, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini alikuwa bado anayaona magongo.

“Na hao wa mjini,” aliuliza, “miundi yao inaingia ufa?”

Shedrack alikohoa kwenye simu.

“Tata,” alimwita kwa heshima ya Kinyakyusa, “nimekuuliza.”

“Wao wana baba wenye mawakili. Mzigo ukizidi, barua inafika kabla ya daktari.” Akashusha pumzi. “Sikia. Nikipeleka hili juu, wataifuta kanda nzima. Wale kumi na wanne watarudi nyumbani na mabegi yao. Unataka kusimama mbele ya mama zao? Kesho una kipimo, si ndiyo? Mpime. Ukitaka kuacha kuomba, acha, nani atajua? Ila usiende kuchezea ile Batilisha. Ukiigusa hiyo, mimi sikujui.”

Kabla ya simu hiyo, Tusajigwe alikuwa hajui kuna kitu kinachoitwa Batilisha. Alitumia mchana mzima kukitafuta. Kilikuwa ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, na alikinakili kwa mkono kwenye daftari lake la biolojia ili awe na hakika. Skauti aliweza kubatilisha kipimo kabla hakijafungwa, akiandika sababu. Sababu ikiwa kosa lake mwenyewe, mambo manne hufuata papo hapo, bila kupitia kwa mratibu. Vipimo vyake vyote vya nyuma husimamishwa hadi vikaguliwe. Mizigo ya wasichana hao hushushwa hadi ile ya kuanzia. Siku za umri wa mpimwa wa siku hiyo huacha kuhesabiwa. Leseni ya skauti hufungwa.

Lakini kitufe hicho hakikutokea mpaka kipimo kiwe kinaendelea. Ili auseme ukweli wake, alihitaji kiti, mkanda, na msichana mwenye nafasi moja tu maishani.

Alipiga magoti kando ya kitanda. Kwa kawaida maneno yalimjia kama maji ya mfereji. Siku hiyo aliogopa kuomba moyo wake utulie, kwa kuwa hakujua tena angepima nini baada ya hapo.

*

Jumamosi saa tatu ukungu ulikuwa umelala uwanjani, na milingoti ya goli ilionekana kama watu wawili warefu wanaosubiri habari. Ikupa alikuwa ameshafika. Alikuwa msichana mwembamba, mguu wa kushoto wenye akili kuliko ndimi nyingi, na Alhamisi ijayo angetimiza miaka kumi na sita. Alikuwa amechelewa kupimwa kwa sababu mwaka jana msimu mzima alimuuguza baba yake. Hakukuwa na siku nyingine.

Mama yake, Atuganile, aliketi kando ya mkungu wa ndizi aliomletea skauti, akiwa amevaa gauni lake la kanisani.

“Ndaga, mama skauti. Tumekuja mapema ili usiombe kwa haraka.”

“Ndaga, Mama Ikupa.” Tusajigwe aliitikia salamu ya Kinyakyusa, akaweka kiti kwenye majani, akakikalia mwenyewe. “Kabla ya yote, nina neno la kuwaambia.”

Akawaambia. Hakuficha chochote: mkono, ukurasa wa thelathini na moja, muundi wa Subilaga, jina la Mabua. Alieleza polepole, kama mwalimu Gwamaka, kwamba moyo uliotulizwa hutoa namba kubwa, na namba kubwa huleta mzigo mkubwa, na mzigo huo hubebwa na mguu ule ule mdogo. Alipomaliza, Ikupa alikuwa anachora kwenye majani kwa ncha ya kiatu.

“Nisipoombewa nitapata ngapi?”

“Sijui, mwanangu. Hakuna ajuaye.”

“Nikiombewa nitapita?”

“Wengi walipita.”

“Basi niombee.” Msichana aliinua uso. “Mguu ni wangu. Ukivunjika utakuwa umevunjika Dodoma, kwenye timu. Hapa utabaki mzima nautumia kupandia viazi.”

Atuganile alitikisa kichwa kukubali. “Mtoto amesema.”

Lilikuwa jibu ambalo Tusajigwe hakulitegemea, na lilikuwa na haki yake. Alikuwa tayari kukutana na hofu. Hakuwa tayari kukutana na msichana anayejua anachokinunua.

“Mguu ni wako,” alisema mwishowe. “Lakini kidole kitakachoandika namba ya uongo ni changu. Siwezi, Ikupa. Nikijua siwezi. Nitakupima kama ukurasa unavyosema.”

“Mama skauti!” Atuganile alisimama. “Wengine wote umewaombea. Kumi na wanne! Kwa mwanangu mimi ndipo dhamiri imeamka?”

Tusajigwe alimfunga Ikupa mkanda, akamkalisha, akarudi nyuma hatua tano, akauingiza mkono wake wa kuume ndani ya mfuko wa koti. Wakasubiri dakika tatu bila kusemeshana. Zilikuwa dakika tatu ndefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu. Akabonyeza Kutulia.

Sekunde tisini zilianza kuporomoka kwenye kioo. Chini yake, mapigo ya Ikupa: themanini na nane. Tisini na moja. Tisini na tano.

Tusajigwe alitazama kwa mshangao, kisha kwa woga. Msichana alikaa wima kama mshtakiwa, mikono imeshika ukingo wa kiti, shingo ikidunda. Alimjua Ikupa. Aliwahi kumwona akikimbia vipindi vyote viwili vya mechi kwenye mvua na kumaliza akiimba. Moyo huu wa tisini na tano haukuwa wake. Ulikuwa moyo wa mtoto aliyeambiwa hivi punde kwamba mlango wake utafungwa, akanyimwa mkono ambao kila mtu mwingine alipewa.

Asiambiwe maneno ya kumtuliza au ya kumtisha. Ya kumtisha! Ameyasoma mara ngapi, na asubuhi hii, kwa kutaka kusema kweli, ameyavunja upande wa pili.

Sekunde arobaini.

Akiacha kipimo kiendelee, namba itakuwa hamsini na kitu na jina la Ikupa litafungwa kwa hofu ya asubuhi moja. Kama angeomba, jina lingefunguliwa kwa utulivu wa asubuhi moja. Mzani haukuwahi kumwona msichana yeyote kati ya wote. Uliona tu nani alisimama karibu naye, na alisema nini.

Sekunde thelathini na moja. Pembeni mwa kioo kulikuwa na kitufe kidogo chekundu, Batilisha, alichokiona kwa miaka sita bila kukisoma.

Aliutoa mkono mfukoni, akakibonyeza.

Saa ya kwenye kioo ilisimama. Sanduku jeupe likafunguka. Andika sababu.

“Kuna nini?” aliuliza Ikupa. “Nimefanyaje?”

“Wewe hujafanya kitu. Kaa hapo, mwanangu. Ninaandika, na mimi huandika polepole.”

Ilimchukua muda mrefu. Ukungu ulianza kunyanyuka, na Atuganile alisimama nyuma yake akipumua kwa nguvu, asijue kama amzuie. Tusajigwe aliandika kwa kidole kimoja, akifuta na kurudia, kwa kuwa hakutaka hata herufi moja impe mtu sababu ya kucheka:

Mimi Tusajigwe Mwambene, skauti wa Rungwe. Kwa miaka sita nimeomba na wasichana kabla ya Kutulia na wakati wa Kutulia, mkono wangu ukiwa begani mwao. Mioyo yao ilishuka. Namba zao si sahihi na mizigo wanayobebeshwa si yao. Subilaga hajibanii. Leo nimempima Ikupa baada ya kumweleza haya, na moyo wake umepanda kwa hofu. Hiyo nayo si namba yake. Nilibonyeza kwamba nimesoma mwongozo nikiwa sijausoma. Sasa nimeusoma.

Akatuma.

Kishikwambi kilifikiri. Kisha kikasema, bila hasira yoyote, kwamba leseni imefungwa, kwamba siku za mpimwa zimesimama kuhesabiwa hadi ukaguzi utakapoisha, kwamba tarehe ya ukaguzi haijapangwa. Kioo kikazimika. Nyuki, iliyokuwa ikisubiri juu ya goli, ilishuka yenyewe ikatua kwenye matope na kukunja mabawa.

“Kwa hiyo amepita au amefeli?” aliuliza Atuganile.

“Hajapita, hajafeli. Mlango haujafungwa. Sijui utafunguliwa lini, Mama Ikupa. Sijui kama utafunguliwa.”

“Hujui.” Atuganile aliurudia mkungu wake wa ndizi, akauinua, akaubeba kichwani. “Tumetembea tangu alfajiri tuje tuambiwe hujui.”

Simu ya Tusajigwe ilitetemeka mfukoni. Alijua ni Shedrack kabla hajaiangalia, na alikuwa Shedrack, mara tatu. Katikati ya simu hizo kulikuwa na ujumbe wa sauti wa Subilaga, mfupi, watu wakisikika nyuma yake wakipaza sauti:

“Mama, umefanya nini? Mikanda yetu yote ya Rungwe imewaka njano. Wametusimamisha kumi na wanne wote. Tumwitike analia, anasema tunarudishwa kesho. Kocha hasemi kitu.” Kisha sauti ikaja karibu zaidi, kama amefunika simu kwa mkono: “Lakini nimekaa chini, mama. Mara ya kwanza wiki hii nimekaa chini, na hakuna aliyeniambia nisimame.”

Aliusikiliza mara mbili. Hakujua kama amewaokoa au amewamwaga. Labda asingejua kwa mwezi, labda kwa miaka. Akatafuta kiti akae, lakini kiti kilikuwa na Ikupa, ambaye alikuwa bado amekaa palepale, mkanda kifuani, kama aliyesahauliwa.

Tusajigwe aliinama akaufungua mkanda, akauweka kwenye majani karibu na nyuki.

“Tuondoke, Ikupa,” aliita mama yake, ameshageuka.

“Bado, mama.” Msichana alimtazama Tusajigwe. “Sasa tuombe.”

“Ya nini tena?” alisema Atuganile. “Mashine imezimwa. Sala ya sasa itamsaidia nani?”

“Ninaogopa,” alisema Ikupa.

Mkungu wa ndizi ulishuka taratibu kutoka kichwani, ukawekwa chini. Atuganile hakusogea karibu, lakini alivua koti lake la mvua akalishika mikononi, kama afanyavyo mtu mlangoni mwa kanisa.

Tusajigwe alipiga magoti kwenye majani mabichi na kuweka kiganja kwenye bega jembamba. “Baba,” alisema, “huyu ni wako kabla hajawa wa timu yoyote.” Chini ya vidole vyake, kupitia jezi iliyolowa, aliusikia moyo wa mtoto ukienda mbio, ukienda mbio, kisha ukianza kushuka. Aliuacha ushuke. Hakuhesabu.